Kuajiri Mafundi wa Kukarabati Nyumba ya Mawe Lamu: Mwongozo Kamili

Kila masika ikipita, malalamiko ni yale yale. Plasta mpya imebanduka, fundi hashiki simu, pesa zimekwisha na dari bado haijaguswa. Lawama zote humwangukia fundi. Ila ukiwauliza wenye nyumba walianzaje, wengi wana hadithi moja: walimwita fundi, wakazunguka naye nyumba nusu saa, wakamuuliza "yote kwa jumla ni ngapi?", wakapatana, wakatoa nusu ya pesa papo hapo. Kazi iliharibikia pale, mwiko haujagusa ukuta.

Mwongozo huu ni wa nyumba za mawe ya matumbawe zenye dari za boriti, kama zilivyo Mkomani, sehemu za Langoni na Shela, kisiwani Lamu. Nyumba ya matofali ya saruji ina mambo yake na haimo humu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kumwita fundi yeyote

- Hati ya nyumba, au karatasi za mirathi kama nyumba ni ya urithi
- Daftari, penseli, tepu ya mita, tochi na bisibisi refu
- Simu yenye kamera nzuri na nafasi ya kutosha
- Ramani ya nyumba, hata uliyochora kwa mkono, kila chumba na jina lake: daka (kibaraza cha mlangoni), kiwanda (ua wa ndani ya nyumba), msana (ukumbi), ndani (chumba cha ndani), choo
- Pesa za kazi, na juu yake akiba ya moja ya tano kwa yale yatakayoonekana plasta kuukuu ikishatolewa
- Mtu wa kusimamia aliye Lamu, ikiwa wewe uko Mombasa, Nairobi au Ughaibuni
- Kalenda. Kazi ya dari ifanywe wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, kabla ya masika

Usiidharau kalenda. Dari ikifunuliwa mwezi wa Machi kwa kazi ya miezi miwili, mvua itaingia hadi chini na kuta zote zitanywa maji. Angalia pia Ramadhani imeangukia wapi, maana saa za kazi hupungua, na katika kilele cha kusi, upepo wa kutoka kusini, bahari huchafuka na majahazi ya mawe kutoka kisiwa cha Manda huchelewa.

## Hatua ya 1: Maliza la warithi na la jirani

Nyumba nyingi za Mkomani zina wenyewe wengi. Babu alikufa, mirathi haikugawanywa, na sasa kuna warithi kumi na wanne, watatu wako Maskati. Anayekaa ndani ndiye huamua kukarabati kwa sababu yeye ndiye anayedondokewa na maji. Kazi ikifika katikati anatokea binamu: "Nani kakupa idhini ya kuvunja ukuta wa babu?" Mafundi wanasimama. Na siku za kusimama ni zako kulipa, si za binamu.

Andika karatasi moja yenye majina ya warithi wote, nambari za vitambulisho na sahihi. Iseme kazi gani itafanywa, nani anatoa pesa, nani ana neno la mwisho, na kama pesa hizo ni sadaka kwa familia au ni deni litakalohesabiwa siku nyumba ikiuzwa. Hilo la mwisho ndilo linalovunja udugu, na ndilo watu wanaona haya kuliandika. Walio mbali watume sahihi kwa simu. Mkishindwana, nendeni mahakama ya Kadhi kabla ya kuleta hata mfuko mmoja wa chokaa.

Nyumba ikiwa wakfu, huna mamlaka ya kuibadilisha kwa sababu tu unakaa ndani. Msimamizi wa wakfu ndiye atakayeweka sahihi.

Kisha nenda kwa jirani. Kuta nyingi ni za shirika, na boriti zako huenda zimeegemea ukuta unaobeba boriti zake pia. Kama kuna wikio, yaani chumba kinachounganisha nyumba mbili juu ya njia, mweleze aliye upande wa pili. Piga picha kuta zake kwa ndani, yeye mwenyewe akiwapo, na kila mmoja abaki na nakala. Ufa ukitokea baadaye, mtajua ulikuwapo au umezaliwa na nyundo za mafundi wako.

## Hatua ya 2: Isome nyumba wewe mwenyewe

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na bila hii zilizobaki hazina msingi. Huwezi kupatana bei ya ugonjwa ambao hujaujua. Tenga siku mbili. Anza juu ushuke, kwa sababu maji nayo huanza juu.

Darini, yaani juu ya paa. Panda mvua inapokatika. Tazama maji yamesimama wapi na milizamu (midomo ya kutolea maji ya dari) inatoa maji nje au imeziba na kuyarudisha ukutani. Mara nyingi kinachoozesha ukuta mzima ni mlizamu mmoja uliovunjika, na fundi wa haraka atapiga plasta ukuta ule bila kuinua macho kuutazama.

Boriti. Usiangalie katikati. Boriti huoza nchani, pale inapoingia ukutani. Choma kila ncha kwa bisibisi. Likiishia juu juu, boriti ni nzima. Likizama kama kwenye papai bivu, hiyo imekwisha, hata ikiwa katikati ni ngumu kama chuma. Tafuta vijia vya mchwa pia. Zihesabu boriti kuanzia mlangoni na uandike nambari ya kila mbovu.

Kuta. Gonga plasta kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua. Ikishika, sauti ni nzito. Ikiwa imeachana na ukuta, inalia tupu. Zungushia penseli kila palipolia tupu.

Chini. Ukiona unga mweupe juu ya plasta, hiyo ni chumvi iliyoletwa na unyevu unaopanda kutoka ardhini au kutoka chooni. Chora mstari pale unyevu ulipofika na uandike tarehe.

Choo na birika, yaani tangi la maji lililojengwa chooni. Jaza birika, weka alama ya kimo cha maji, funika, na urudi baada ya saa 24. Yakiwa yamepungua bila mtu kuyatumia, yanakwenda ndani ya ukuta.

Nyufa. Si kila ufa ni hatari. Bandika kipande chembamba cha plasta ngumu kukatisha ufa, andika tarehe juu yake, na usubiri wiki kadhaa. Kisipokatika, ufa umelala. Kikikatika, ukuta bado unatembea, na hapo unamhitaji mhandisi au ofisi ya uhifadhi kabla ya fundi wa plasta.

Daftari lako likikamilika liwe na mistari ya namna hii:

*Ndani, ukuta wa kaskazini. Plasta tupu, mita 2 kwa 1. Unga mweupe hadi kimo cha goti. Boriti ya 3 na ya 4 kutoka mlangoni zimeoza ncha ya ukutani, bisibisi limezama kidole kimoja. Zidaka (vishubaka vya ukutani) nzima, isipokuwa cha chini kushoto kimemeguka ukingo.*

Piga picha kila ulichokiandika, ukiweka tepu ya mita ndani ya picha. Ukiweza kumwonyesha mgeni sehemu zote mbovu za nyumba kwa daftari lako tu, hapo umeisoma.

## Hatua ya 3: Chukua ruhusa

Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na unalindwa na sheria ya makavazi na urithi ya mwaka 2006. Kwa hiyo usifungue dirisha jipya, usiongeze ghorofa, wala usibadilishe mlango wa nje bila kwanza kupitia ofisi ya uhifadhi ya Makavazi ya Kitaifa mjini Lamu. Idhini ya ujenzi nayo hutolewa na serikali ya kaunti, chini ya sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019. Anzia kwa watu wa uhifadhi, kwa sababu wakikubadilishia mchoro utalazimika kuurekebisha ule wa kaunti.

Wengi huiogopa ofisi ile kana kwamba kazi yake ni kukataa. Mimi naona vingine. Wale wamezoea nyumba hizi, na mtaalamu wao akizunguka na daftari lako anaweza kukuonyesha jambo ambalo mafundi watatu wangelipita. Muulize pia mafundi gani wamewahi kufanya kazi ya chokaa ikakubaliwa.

Fundi akikwambia "tuanze tu, ruhusa tutaitafuta mbele", mwache. Kazi ikisimamishwa, yeye atakwenda nyumba nyingine, na wewe utabaki na dari iliyo wazi.

## Hatua ya 4: Ita mafundi watatu, mmoja mmoja

Kwanza jua unamtafuta nani. Kwa kazi ya dari nzima, vyumba kadhaa na mabomba, tafuta mkandarasi aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Wakandarasi wamepangwa kwa daraja kuanzia NCA 1, la juu kabisa, hadi NCA 8. Kwa nyumba moja ya Lamu daraja la chini linatosha. Mwombe leseni ya mwaka huu, si cheti cha zamani, na uhakikishe jina lake kwenye tovuti ya mamlaka.

Kwa kazi ndogo zaidi, fundi mkuu na kikundi chake wanatosha, na wengine wana ujuzi wa chokaa unaomshinda mkandarasi mwenye makaratasi. Jua hili lakini: ukiwaajiri vibarua wewe mwenyewe kwa kutwa, wewe ndiye mwajiri. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amlipe aliyeumia kazini. Kibarua akianguka kutoka jukwaani, swali la bima litaletwa mlangoni pako.

Waite kwa siku tofauti. Wakikutana watapatana bei. Mpe kila mmoja nakala ya daftari, mzunguke naye polepole, kisha muulize haya:

*"Chokaa unaitoa wapi, na unaizima muda gani?"* Kuizima ni kuitia maji chokaa iliyochomwa ilainike. Anayeijua atataja shimo au pipa, atasema wiki kadhaa, na atataja kuichuja. Asiyeijua atasema chokaa ipo dukani, tutachanganya na saruji kidogo ishike.

*"Ukuta huu una unyevu. Utaanzia wapi?"* Jibu zuri linatoka nje ya chumba: mlizamu, choo, njia ya maji. Jibu baya ni plasta ya kuzuia maji.

*"Boriti hizi mbili utazitoaje?"* Anayejua atataja miegemeo, yaani nguzo za muda za kubeba dari, na atasema moja moja.

*"Nionyeshe nyumba mbili ulizofanya zilizopitiwa na masika mbili."* Usikubali kazi ya mwezi uliopita, kwa sababu plasta ya mwezi mmoja yote inapendeza. Nenda kwenye nyumba hizo bila fundi, uombe kugonga kuta, na umuulize mwenye nyumba: alimaliza? Bei ilipanda katikati, na kwa sababu gani? Ulipomwita kurekebisha, alikuja?

Ukisikia kwamba bei ilipanda, usimfute fundi hapo hapo. Nyumba kuukuu huficha mambo, na kazi ikaongezeka kihalali. Cha kusikiliza ni kama alisimama na kumwonyesha mwenye nyumba kabla ya kuendelea, au alileta hesabu mambo yakiwa yamekwisha.

## Hatua ya 5: Ukuta wa majaribio

Mteule wako mlipe afanye kipande kimoja tu, mita mbili za mraba, mahali penye unyevu. Atoe plasta mbovu hadi kwenye jiwe, asafishe, aloweshe, apige plasta ya chokaa kwa matabaka. Kisha subiri wiki tatu au nne.

Watu huniambia huko ni kupoteza muda. Muda huo ndio wa kusubiri ruhusa na kuzima chokaa, kwa hiyo hupotezi kitu.

Angalia mambo matatu. Je, aliulowesha ukuta kabla ya kupiga plasta? Ukuta mkavu hunyonya maji yote na plasta hufa. Je, aliacha tabaka la kwanza lishike kabla ya kuweka la pili, na kila tabaka lilikuwa jembamba, kama unene wa kidole? Je, alifunika kwa magunia mabichi na kurudi kuyalowesha siku zilizofuata? Asiyerudi kulowesha mita mbili hatarudi kulowesha nyumba nzima.

Na hapa kuna kipimo cha saruji iliyofichwa. Asubuhi ya pili, kwaruza plasta kwa ukucha pembeni. Chokaa tupu bado itaacha alama na rangi yake ni nyeupe au ya maziwa. Ikiwa tayari ni ngumu na ina ukijivu, kuna saruji.

Kwa nini tunaikimbia saruji? Kwa sababu jiwe la matumbawe lina vinyweleo, linakunywa unyevu na kuutoa. Chokaa inaupitisha. Saruji inauziba, basi maji hupanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta na kuisukuma ianguke, na unyevu hufika kwenye ncha za boriti. Kwa hiyo plasta ya saruji haianguki peke yake, huanguka na dari nyuma yake. Rangi ya mafuta na ya plastiki hufanya yayo hayo, kwa hivyo malizia kwa chokaa ya kupaka.

## Hatua ya 6: Pata bei inayosomeka

Usipokee bei ya jumla. Omba hesabu iliyotenganisha ufundi na vifaa, na ufundi wenyewe ugawanywe kwa kipimo: plasta kwa mita ya mraba, boriti kwa moja, mlizamu kwa mmoja. Fundi akisema hawezi kuandika hivyo, kaeni pamoja mwandike, daftari lipo. Bei za kipimo zitakuokoa kazi ikiongezeka: zikipatikana boriti tano mbovu zaidi, bei ya kila moja mnaijua.

Ulizia usafiri peke yake. Lamu hakuna lori la kufika mlangoni. Mzigo wa Mombasa unashuka Mokowe, upande wa bara, unavuka kwa mashua, kisha unapanda punda hadi kwenu. Mawe ya Manda nayo ni jahazi halafu punda. Hesabu isiyotaja kupakua na punda ni pungufu, na pengo hilo litakurudia. Ulizia kifusi pia: nani anakitoa, na kinapelekwa wapi. Hakiwezi kulala kichochoroni na kuziba mtaro wa mtaa mzima.

Bei mbili zikikaribiana na ya tatu ikawa nusu yake, hiyo ya tatu ina saruji ndani. Au haina dari.

## Hatua ya 7: Andika mkataba

Kurasa mbili za Kiswahili kinachoeleweka zinatosha. Daftari la hatua ya 2 liambatishwe, na kila ukurasa utiwe sahihi na nyote wawili pamoja na shahidi. Usisahau vifungu hivi:

Vitu vya kale ni vya nani. Boriti nzima zilizotolewa, milango, mbao, mawe, vitasa. Andika wazi kuwa ni vya mwenye nyumba hadi atakapoamua. Kuna desturi ya fundi kuchukua "takataka", na mlango wa kuchonga umewahi kuitwa takataka.

Visivyoguswa. Zidaka na plasta za nakshi zitajwe moja moja, na picha. Hakuna kusawazisha wala kuchonga upya bila idhini.

Hakuna saruji kwenye ukuta wa matumbawe, hata kidogo. Na hakuna slabu ya zege kuchukua mahali pa boriti: ni nzito kwa kuta zile, na vyuma vyake hupata kutu upesi katika chumvi ya pwani.

Kazi ya ziada haianzi bila picha, bei na neno "endelea" kutoka kwako, hata kwa ujumbe wa simu.

Malipo yafuate kazi inayoonekana. Kwa pesa za ufundi, mgawo huu unafaa nyumba nyingi:

- Asilimia 10: arubuni, jukwaa na miegemeo ikishafika
- Asilimia 30: boriti na dari zimekwisha, maji yamemwagwa juu na hayakupenya
- Asilimia 20: nyufa zimeshonwa, mawe yaliyolegea yamerudishwa
- Asilimia 20: plasta ya mwisho
- Asilimia 10: choo, milango na usafi
- Asilimia 10: akiba, hulipwa baada ya masika ya kwanza

Fundi atalalamikia hiyo ya mwisho, na ana haki ya kuogopa, kwa sababu wenye nyumba nao hudhulumu. Mpe uhakika: pesa zikae kwa mtu mnayemwamini nyote, na masharti yaandikwe. Pia usimfungie kabisa. Ana vibarua wa kulipa kila wiki, na akikwama ataondoka kutafuta kazi ya haraka kwingine. Ndani ya kila hatua mnaweza kupatana posho ya wiki inayokatwa kwenye malipo ya hatua hiyo. Kama kazi inapumzika Ijumaa, ilipe Alhamisi jioni. Lipa kwa M-Pesa hata kama mpo mlango mmoja, maana ujumbe wake ni risiti.

## Hatua ya 8: Vifaa

Ukiweza, nunua mwenyewe na umlipe fundi ufundi tu.

Boriti. Huuzwa kwa korija, yaani ishirini. Hakikisha ni mti wa mkoko au msindi, umenyooka na umekauka. Ujanja wa kawaida ni kuchanganya mazio, ambayo ni membamba, katika korija ya boriti. Pima unene wa kila mti kabla haujapanda punda. Muuzaji awe na kibali cha Huduma ya Misitu Kenya, ukatwaji wa mikoko unasimamiwa nayo. Urefu nao una mpaka, ndiyo maana vyumba vya kale havifiki mita tatu kwa upana. Fundi anayetaka kukupanulia chumba kwa kutoa ukuta, muulize boriti ya kukivuka ataitoa wapi.

Chokaa. Izimwe mapema, ikae chini ya maji wiki kadhaa, ichujwe. Ya mfuko uliofunguka siku nyingi imeshakufa, usiinunue. Kipimo cha kawaida ni karai moja la chokaa kwa makarai matatu ya mchanga.

Tahadhari: chokaa inapozimwa huchemka na kurusha. Watoto na punda wasikaribie, mafundi wavae glavu na miwani. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi papo hapo na uende hospitali.

Mchanga. Usiwe wa ufuoni. Una chumvi, na chumvi ukiitia kwenye plasta haitoki. Onja kidogo kwa ulimi, ndicho kipimo cha rahisi kuliko vyote. Wala usikubali uliochotwa kwenye vilima vya Shela, maana vilima vile ndivyo vinavyotunza maji ya visima tunavyokunywa.

Weka mtu mmoja wa kupokea mizigo na kuandika: siku, kitu, idadi, nani kaleta.

## Hatua ya 9: Simamia

Mpangilio ni huu, na usiruhusu urukwe: maji kwanza, dari, mawe na nyufa, mabomba na stima, plasta, chokaa ya kupaka. Plasta ikitangulia mabomba, itachimbwa tena.

Boriti zibadilishwe moja moja, miegemeo ikiwa pande zote mbili. Dari ndiyo inayozishika kuta zisilale nje, kwa hiyo ukitoa boriti zote za chumba kwa siku moja unaziacha kuta zimesimama kwa dua.

Mafundi wa bomba na wa stima wasichimbe mfereji mrefu wa kulala ukutani. Jiwe la matumbawe halivumilii. Mabomba yapite juu ya ukuta, au pembeni, yafichwe kwa mbao.

Ukiwa mbali, mwombe msimamizi picha nne kila jioni, kutoka sehemu zile zile nne mlizozitia alama siku ya kwanza. Picha za pembe mpya kila siku hazikuonyeshi maendeleo, zinakuonyesha anachotaka uone. Na mara moja kwa wiki apige simu ya video, atembee kutoka daka hadi darini bila kukata.

Msimamizi wako awe mtu anayeweza kusema "simama". Mjomba mpole anayeona haya kumwambia fundi neno ni mtu mzuri, mpe kazi nyingine.

## Hatua ya 10: Pokea kazi

Zunguka na fundi, daftari mkononi, mstari kwa mstari. Gonga kila ukuta uliopigwa plasta. Mwaga ndoo za maji darini, mtu mmoja juu na mwingine chini na tochi, mtazame kila ncha ya boriti na kila mlizamu. Rudia kipimo cha birika cha saa 24. Pita kwa jirani na zile picha zake.

Kilichobaki kiandikwe na tarehe ya kumalizwa, na malipo ya hatua yasitoke kabla. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye chokaa mpya si kosa, hufunikwa na chokaa ya kupaka. Ufa unaoingia ukucha ni wa kurudiwa.

Masika ikipita, fungua daftari tena. Angalia mistari ya unyevu uliyochora: ukuta ulionywa maji miaka mingi hukauka polepole, kwa hiyo alama ya chini kidogo kuliko ya mwaka jana ni habari njema, na kubaki pale pale si sababu ya kumnyima fundi haki yake ikiwa plasta imeshika na dari haivuji. Mstari ukiwa umepanda, mwite. Ikiwa kila kitu kimesimama, toa ile asilimia 10 wiki hiyo hiyo, na umwandikie fundi barua fupi ya kumsifu, yenye nambari yako ya simu, ili mwenye nyumba mwingine aje kugonga kuta zako.